Waliokuja Kupogoa Migomba ya Mama

Walikuja kumi na mmoja kutoka Ubelgiji, na kila mmoja alikuwa na kofia pana, chupa ya maji yenye mrija na panga jipya. Mapanga kumi na moja! Mtu anapanda ndege mbili na kukaa kwenye gari kutwa nzima ili aje Muleba kutuonyesha jinsi ya kushika panga, sisi ambao tunazaliwa migombani na tunazikwa humo humo migombani. Nilipowaona wanashuka pale kijijini, karibu na Rubya, wote na fulana za rangi ya chungwa, nilisema moyoni, haya, hapa kazi ipo.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Naitwa Joanitha. Nina cheti cha kilimo nilichokisotea miaka miwili kule Maruku, na wakati huo nilikuwa nimekikalia tu Kitendaguro, pale Bukoba, kwenye chumba cha kupanga, nauza dawa za kuku katika duka la mtu. Shirika la hao wageni lina jina refu ambalo sitalitaja, halistahili pumzi yangu. Walitafuta mtu anayejua Kiingereza, Kihaya na migomba. Vyote ninavyo, na majivuno juu yake. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno na wala sibishi.

Kazi yao iliitwa kuwasaidia wajane. Wiki nne za kupogoa majani, kupunguza machipukizi na kutandaza nyasi kwenye vibanja, mashamba yetu ya migomba, vya akina mama wasio na waume, halafu siku kumi za kuona nchi. Ungeona karatasi yao ya ratiba! Hizo siku kumi zilijaza kurasa tatu: saa ya kuogelea, saa ya kula samaki, saa ya kutazama machweo. Wiki nne za wajane zilikuwa mstari mmoja.

Mkuu wao aliitwa Pieter, baba wa miaka hamsini hivi mwenye ndevu nyeupe, aliyemwita kila mtu "rafiki yangu" kwa sababu alikuwa mvivu wa kushika majina. Kisha kulikuwa na binti mmoja, Lotte, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha na kulia. Siku ya kwanza alilia alipoona kuku anachinjwa. Jioni akamla huyo huyo kuku na kuomba paja la pili. Wengine siwakumbuki hata sura. Walikuwa wanauza sura tu mbele ya simu zao, mguu mmoja juu ya shina la mgomba, panga begani, meno yote nje.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Kwetu kuna ugonjwa wa migomba tunaouita unyanjano. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha. Hauna dawa. Mgomba ukishaupata unaung'oa na mizizi yake, unaufukia, na hapo mahali hupandi kitu miezi na miezi. Na unasafiri kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa panga lile lile, umeumaliza. Kwa hiyo kijijini kuna sheria ambayo hata mlevi anaijua: kila kibanja na panga lake. Panga la nje haliingii mpaka lichovywe kwenye maji ya Jik au lipitishwe motoni.

Siku ya kwanza niliwaeleza yote hayo kwa Kiingereza kilichonyooka. Niliweka ndoo ya Jik mlangoni mwa kibanja cha kwanza. Wakachovya, sawa. Jioni Pieter akanijia na panga lake mkononi, uso umemkunjamana. Kumbe kwenye mipini walikuwa wamebandika nembo ya shirika, na maji ya Jik yalikuwa yameanza kuibandua. Wafadhili wao, akasema, wanapenda kuiona nembo kwenye picha. Nikamwambia basi tutumie moto. Akanionyesha kwamba mpini ni wa plastiki, utayeyuka. Lotte naye akadakia kwamba Jik inaua wadudu wa ardhini na inamkereketa ngozi. Hebu fikiria! Mtu amekuja kuokoa wajane, anawahurumia minyoo.

"Tutalitafutia ufumbuzi, rafiki yangu," Pieter akasema.

Ufumbuzi wenyewe ulikuwa kwamba kesho yake ndoo haikuwekwa. Nami sikuuliza.

Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu jioni ile ile, baada ya habari ya nembo, Pieter alikuwa ameniambia kwamba shirika humwalika mtu mmoja kila mwaka aende kwao miezi mitatu kuzungumza na wafadhili. Nauli wanatoa, chakula wanatoa. Barua ya mwaliko anaiandika yeye. "Nakuona wewe," alisema, akaninyooshea kidole kama kwenye bango la uchaguzi. Mimi ambaye nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta nahesabu vidonge vya kuku! Usiku sikulala, nilikuwa nachagua koti.

Siku ya nne walifanya kazi kwa Ma Edvina, mjane anayepakana na mama yangu upande wa chini. Kule nyuma ya banda lake la mbuzi niliona mgomba mmoja ambao majani yake ya katikati yamelegea, yana unjano pembeni. Mwenye cheti nikauona. Nikasogea, nikautazama, nikajiambia ni jua tu, mvua zimechelewa. Nilipogeuka, mmoja wa wale wa rangi ya chungwa alikuwa ameshaukata kwa mbwembwe na anapigwa picha.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya mama.

Mama yangu anaitwa Kokwijuka. Baba alifariki miaka sita iliyopita na amelala pale katikati ya kibanja, chini ya saruji tuliyoipaka chokaa. Hawakupata mtoto wa kiume, ni mimi tu. Kibanja ni cha ukoo, na ukoo ulipokaa baada ya arobaini, mdogo wake baba, Ta Ishengoma, alikitaka siku hiyo hiyo. Wazee wakakataa. Wakasema mama atakaa humo kwa muda wote atakaokitunza. Kikiwa pori, kikifa mikononi mwake, kitarudi kwa Ishengoma na yeye atarudi kwao. Akiwa na miaka sitini na mitatu, arudi kwao kwa nani? Wazazi wake wote wamekufa na kaka zake wameuza.

Basi mama akakitunza. Lo, alikitunza! Nyasi za rweya, ile mbuga ya nje ya kijiji, alizibeba kichwani mwenyewe. Samadi alikuwa anaiomba kwa jirani mwenye ng'ombe, anailipia kwa kumlimia maharage. Ukipita njiani unaona migomba imesimama, mikungu inainamisha shingo, huoni hata jani kavu moja. Watu walikuwa wanasimama kukitazama, na kila mwaka Ta Ishengoma alikuwa anapita kukikagua na fimbo yake, anaondoka ameuma meno.

Sasa kweli nikae na mama mwenye kibanja cha namna ile, niwapeleke wazungu wakapige picha kwa watu wengine? Ni mimi niliyemwambia Pieter kwamba lazima waje kwa mama. Mama hakuwa anahitaji msaada wa mtu. Kulikuwa na nini cha kupogoa pale? Lakini nilitaka kijiji kione magari mawili yamesimama kwetu. Nilitaka Ta Ishengoma aone.

Mama aliwapokea inavyotakiwa. Alitandika majani mapya ya lubingo sebuleni, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kikapu kidogo, akapiga goti na kumpa kila mgeni kwa mkono. Lotte akaweka punje mdomoni, akakunja uso, akaitema kwenye kitambaa cha karatasi mbele ya macho ya mama. Wenzake wakacheka. Mama akajifanya hakuona. Mimi niliona, nikatamani kumzaba kofi, na badala yake nikatabasamu.

Walipoinuka kwenda migombani, mama akanivuta pembeni.

"Hayo mapanga yameoshwa?" aliniuliza kwa Kihaya.

"Yameoshwa, mae."

"Kwa Jik?"

Mama si mtu wa kuuliza mara mbili. Aliuliza mara mbili. Alinitazama usoni, na mimi nikamtazama usoni.

"Kwa Jik, mae. Mimi mwenyewe nimeyaosha asubuhi."

"Mwana wange," akasema, akanipiga bega, akaenda kuwafungulia.

Walikaa saa tatu. Walikata majani mabichi wakaacha makavu, kwa sababu mabichi yanakatika kwa sauti nzuri kwenye video. Mmoja alikata mgomba wenye mkungu mchanga, akaomba msamaha huku anacheka. Halafu wakashikana mikono kuuzunguka mgomba mkubwa kuliko yote, ulio kichwani mwa kaburi la baba, wakafumba macho kimya dakika nzima. Mama akaniuliza wanafanya nini. Nikamwambia wanaomba. Sijui walikuwa wanafanya nini.

Wiki nne zikaisha. Wajane wakapewa vyeti vya shukrani, vimeandikwa kwa Kiflamandi, lugha ya kwao. Ma Edvina alikibandika chake ukutani juu chini na hakuna aliyemsahihisha. Tukashuka Bukoba kuanza kuona nchi.

Hapo ndipo nilipowaona wanafanya kazi kweli! Saa kumi na mbili asubuhi wameshaamka, wamepaka mafuta ya jua, wanataka mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Musira. Kule migombani ilikuwa mpaka saa nne ndiyo wanapiga miayo kutoka nje. Walipanda kisiwa chote mpaka kileleni bila kulalamika ngozi. Walikwenda kutazama michoro ya kale kwenye miamba, wakanieleza mimi, Mhaya wa kuzaliwa, maana ya michoro hiyo. Sokoni Pieter alibishana na mama mmoja nusu saa kwa ajili ya kikapu, halafu jioni ufukweni akamwaga machozi kwenye bia akisema amejifunza kutoka kwetu kwamba mali si kitu. "Kijiji chetu," walikuwa wanasema. Kijiji chao! Hawawezi hata kutamka jina lake.

Na mimi? Mimi nilikuwa nacheka kila walipocheka. Niliwabebea mikoba. Niliwadharau kutoka unyayo hadi utosi na kila asubuhi nilijipaka mafuta, nikawahi hotelini kwao kabla hawajamaliza chai.

Siku ya sita ya utalii tulikuwa ufukweni mwa ziwa, wanakula sato wa kukaanga, simu yangu ikaita. Mama. Mama hapigi simu mchana.

"Njoo nyumbani," alisema. "Njoo uone migomba."

"Ina nini, mae?"

"Wewe ndiye uliyesomea. Njoo uniambie ina nini." Akakata.

Samaki alinishinda. Pieter akaona, akauliza kulikoni, nikasema migomba ya mama inaumwa, kesho naomba ruhusa niende Muleba. Nilidhani watanipa pole niende zangu. Thubutu! Waliinuka wote. Lotte akanikumbatia, akaweka mkono kifuani, akasema ile ni familia yao na hawawezi kuniacha niende peke yangu. Wakaifuta siku ya kutembelea maporomoko ya maji. Niliwasikia usiku wanajisifu kwa hilo.

Tulifika kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimejiandaa kuona migomba mitano, sita. Jamani. Kuanzia njiani mpaka kwenye kaburi, kila mahali mapanga yale yalipopita, majani yalikuwa yamelala, njano, yananing'inia. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kung'oa. Mashimo kila upande. Ma Edvina, ambaye kibanja chake kilikuwa kimeisha wiki moja kabla, alikuwa shimoni anachimba. Mama alikuwa anachimbua ule mkubwa wa kichwani mwa kaburi. Alikuwa amevua viatu. Hakuacha kuchimba tulipofika.

Na pembeni, juu ya ukingo, alisimama Ta Ishengoma na fimbo yake, na wazee wawili wa ukoo. Hakuwa ameuma meno safari hii. Alikuwa mtulivu kabisa.

Wageni wangu wakashuka kwenye magari. Lotte akapiga yowe, akaangua kilio, na mwenzake akatoa simu kumpiga picha akilia. Pieter akaweka mikono kiunoni, akatazama mashimo, akatikisa kichwa, kisha nikaona jicho lake limeng'aa.

"Tutauchangia huu," aliniambia. "Mradi wa kupanda upya. Tutarudi mwakani na watu ishirini. Na wewe ndiye utakayeisimulia habari hii kule kwetu, rafiki yangu. Barua nitaiandika kesho kutwa tukifika Mwanza."

Kwa mara ya kwanza mwili ulinisisimka kwa hasira ya kweli. Nilitaka kumshika zile ndevu na kumwinamisha shimoni aone usaha uliokuwa unatoka kwenye shina. Nilitaka kumwambia: wewe, mjinga wewe, ni nyinyi. Maneno yalifika kooni. Yalikuwa ya Kiingereza safi, yamepangika.

Ta Ishengoma akakohoa.

"Shemeji," akamwita mama kwa sauti ya taratibu, kwa Kihaya, ili wazee wasikie. "Ugonjwa huu haupeperuki na upepo. Umeingia na panga. Wazee wanataka kujua ni nani aliyeingiza mapanga ya nje kwenye kibanja cha ukoo bila kuyaosha."

Mama akaacha kuchimba. Alinyooka polepole, mkono mgongoni, akanigeukia mimi. Hakunikazia macho kwa ukali. Alikuwa ananisubiri tu, kama anavyosubiri nimalize kula ili achukue sahani.

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, mimi. Nimemdanganya mama, aliniuliza mara mbili. Wazee wangenitukana, wangenitoza mbuzi, wangenifukuza hata mwaka mzima, lakini mama asingekuwa na kosa. Mtu aliyedanganywa na mwanawe si mtu aliyeshindwa kutunza kibanja. Nilijua hivyo. Mama alijua kwamba najua.

"Anasema nini?" Pieter akaninong'oneza. "Anataka nini huyu mzee?"

"Anawakaribisha," nikamjibu.

Pieter akatabasamu, akapanda ukingo, akamkumbatia Ta Ishengoma kwa mikono yote miwili. Ta Ishengoma akavumilia, kama mtu anayenyeshewa mvua iliyo karibu kukatika. Halafu akarudi kwa mama.

"Tunangoja, shemeji."

Mama alinitazama kidogo tena. Nikainamisha macho, nikaanza kukwangua udongo kwenye kiatu changu.

"Ni mimi, waitu," mama akasema. "Mimi ndiye niliyewafungulia. Sikuyakagua."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kwamba basi ukoo utakaa Jumapili baada ya misa. Ta Ishengoma hakuridhika. Ni mtu makini, anapenda jambo lake liwe na shahidi. Akanigeukia na fimbo yake.

"Na wewe, mwanangu, wewe ndiye msomi wetu wa migomba. Ulikuwepo. Mama yako anasema kweli?"

Kumi na mmoja wa rangi ya chungwa walikuwa wananitazama kwa upendo. Ma Edvina alikuwa ameegemea jembe. Mama hakuniangalia tena.

"Anasema kweli, baba mdogo," nikasema.

Mama akainama, akaendelea kuchimba.